Sahani na Swali: Historia ya Kuwatambua Bakteria wa Utumbo Eldoret

Katika utumbo wa binadamu huishi bakteria wengi kiasi kwamba kazi ya maabara haijawahi kuwa kuwapata, bali kuwatenga. Gramu moja ya kinyesi hubeba mabilioni ya viumbe hao, wengi wao wakiwa wakazi wa kawaida wasio na madhara, ilhali wale wanaoleta homa ya matumbo au kuhara damu huweza kuwa wachache sana katika umati huo, na hata chini ya hadubini hawatofautiani kwa umbo na majirani zao. Njia iliyowawezesha wataalamu kuwatenga, tangu mwanzoni mwa karne ya 20, ni matumizi ya midia teuzi, yaani vyakula vya kuoteshea bakteria vilivyochanganywa na kemikali zinazowazuia baadhi yao kuota na kuwaruhusu wengine. Midia hizo aghalabu huongezewa sukari na rangi ili walioota wajipambanue kwa sura ya koloni zao, na koloni ni kundi la bakteria linaloonekana kwa macho, ambalo kwa kawaida hutokana na bakteria mmoja aliyegawanyika mara nyingi.

Kwa kuwa hakuna midia inayomruhusu kila bakteria kuota, kila sahani inayoandaliwa katika maabara ni swali lililotungwa kabla ya sampuli kufika, na jibu lake haliwezi kuvuka mipaka ya swali hilo. Historia ya utambuzi wa bakteria wa utumbo huko Eldoret, mji wa nyanda za juu za Uasin Gishu uliopewa hadhi ya jiji mwezi Agosti 2024, inalidhihirisha jambo hili. Kati ya magonjwa ya kuhara, yaliyopewa jina na kuhesabiwa ni yale ambayo sahani za wakati huo ziliweza kuyaonyesha, na kila mara uelewa ulipopiga hatua, hatua hiyo ilitokana zaidi na kubadilika kwa swali kuliko na wingi wa sampuli.

Asili ya sahani

Misingi ya kazi hii iliwekwa Ujerumani. Mwaka 1881 Robert Koch alionyesha namna ya kuotesha bakteria juu ya chakula kigumu badala ya mchuzi, ili kila aina ijitenge katika koloni yake. Jelatini aliyoitumia mwanzoni ilikuwa na kasoro mbili, kwamba iliyeyuka katika joto la mwili wa binadamu na kwamba baadhi ya bakteria waliimeng'enya. Fanny Hesse, mke wa Walther Hesse aliyekuwa akifanya kazi katika maabara ya Koch, ndiye aliyependekeza agari, dutu itokanayo na mwani ambayo yeye aliijua kutokana na mapishi. Agari huyeyuka inapokaribia joto la maji yanayochemka, lakini ikishaganda hubaki imara hata katika joto la nyuzi 37 za Selsiasi. Mwaka 1887 Julius Richard Petri aliongeza sahani bapa yenye kifuniko, ambayo hadi leo inaitwa kwa jina lake. Inafaa kutajwa hapa kwamba mwani unaolimwa kwa wingi Zanzibar tangu mwishoni mwa miaka ya 1980 hutoa karajini na si agari, kwa hiyo hata eneo lenye mwani mwingi kama Afrika Mashariki limeendelea kuagiza agari ya maabara zake kutoka nje.

Katika miongo hiyohiyo bakteria wakuu wa utumbo walipewa majina mmoja baada ya mwingine. Karl Eberth alimwona bakteria wa homa ya matumbo mwaka 1880, na Georg Gaffky akafanikiwa kumwotesha mwaka 1884. Theodor Escherich alieleza mwaka 1885 juu ya bakteria aliyempata katika vinyesi vya watoto wachanga, ambaye baadaye aliitwa Escherichia coli kwa heshima yake, na Kiyoshi Shiga alimtambua bakteria wa kuhara damu huko Japani mwaka 1897. Ugunduzi huo ulileta ugumu mpya, kwa sababu bakteria wa Eberth, wa Escherich na wa Shiga wote ni vijiti vifupi vinavyofanana, na wote huchukua rangi nyekundu katika upakaji rangi wa Gram uliobuniwa mwaka 1884. Hivyo kumtambua mmoja kati yao kwa macho peke yake hakukuwezekana.

Jibu lililodumu kuliko mengine lilitoka Liverpool, Uingereza, na chimbuko lake halikuwa wodi ya wagonjwa bali maji taka. Alfred MacConkey alikuwa akifanya uchunguzi kwa ajili ya tume ya kifalme ya utupaji wa maji taka iliyoundwa mwaka 1898, na alihitaji njia ya kujua kama maji yamechafuliwa na kinyesi. Hoja yake ilikuwa rahisi: bakteria waliozoea kuishi utumboni wamezoea pia nyongo, kwa hiyo chakula kilichotiwa chumvi za nyongo kitawazuia bakteria wengi wa udongo na wa ngozi, kama vile chekecheke linavyozuia makapi, na kuwaacha wa utumbo waote. Mchanganyiko huo, alioutangaza mwaka 1900 na kuuboresha katika makala ya mwaka 1905, uliongezewa laktosi, yaani sukari ya maziwa, pamoja na rangi inayobadilika penye asidi. Bakteria anayeweza kuichachusha laktosi, kama E. coli, hutengeneza asidi na koloni zake huwa za waridi au nyekundu, wakati wale wa homa ya matumbo na wengi wa kuhara damu, ambao hawaichachushi, hutoa koloni zisizo na rangi. Kwa sahani hiyo mtaalamu aliweza kuitazama kazi yake asubuhi na kuamua ni koloni ipi kati ya mamia inayostahili kuchunguzwa zaidi.

Midia zilizofuata ziliendeleza mantiki hiyohiyo kwa ukali zaidi. Wilson na Blair walibuni katika miaka ya 1920 agari ya salfaiti ya bismuthi, ambayo juu yake bakteria wa homa ya matumbo huota kwa rangi nyeusi yenye mng'ao wa metali. Einar Leifson alitoa mwaka 1935 agari yenye dioksikoleti na sitrati, na mwaka uliofuata akatoa mchuzi wa seleniti, ambao huwapa Salmonella, jamii ya bakteria wa homa ya matumbo, nafasi ya kuongezeka hata wakiwa wachache, kabla ya kuhamishiwa kwenye sahani. Watafiti wa Kijapani walitangaza mwaka 1963 midia ya TCBS kwa ajili ya kipindupindu, yenye ualkali wa kiwango ambacho wakazi wengi wa utumbo hawakivumilii na yenye sukari ya kawaida inayozifanya koloni za Vibrio cholerae kuwa za manjano. Mwaka 1965 Welton Taylor alileta XLD, ambayo juu yake E. coli huwa wa manjano, Shigella, yaani bakteria wa kuhara damu, huwa wekundu, na Salmonella huwa wekundu wenye kitovu cheusi kwa sababu ya gesi ya hidrojeni salfaidi wanayoitoa. Kwa orodha hiyo fupi ya sahani, maabara nyingi za Afrika Mashariki zilifanya kazi yake katika sehemu kubwa ya karne ya 20.

Mji wa shamba namba 64

Eldoret ulianza kama makazi ya walowezi. Mwaka 1908 Makaburu kutoka Afrika Kusini walifika katika uwanda wa Uasin Gishu kwa magari ya kukokotwa na maksai, posta ikafunguliwa mwaka 1910 katika shamba lililojulikana kwa namba 64, na mwaka 1912 mji ukapewa jina ulilo nalo sasa, ingawa jina la Sisibo, lililotokana na namba hiyo, halijapotea vinywani mwa wenyeji. Hospitali iliyokuja kuwa kubwa kuliko zote katika eneo la magharibi mwa Bonde la Ufa ilianzishwa mwaka 1917 ikiwa hospitali ndogo ya vitanda 60 kwa ajili ya Waafrika. Reli ilifika mwaka 1924, na baadaye ikaendelea hadi Uganda.

Katika mfumo wa afya wa kikoloni, hospitali za wilaya zilikuwa na hadubini, lakini uoteshaji wa bakteria ulibaki hasa katika maabara ya serikali iliyokuwa Nairobi. Mgawanyo huo ulikuwa na mantiki ya kifedha, kwa kuwa hadubini inahitaji taa, slaidi na mtu aliyefunzwa, na kwa vifaa hivyo malaria, amiba na mayai ya minyoo huonekana katika dakika chache. Sahani ya MacConkey inahitaji zaidi ya hayo: mtungi wa mvuke wa shinikizo wa kuulia vijidudu, uitwao otoklevu, inkubeta, yaani kabati linalodumisha joto la nyuzi 37 usiku na mchana, maji safi yaliyotoneshwa, mizani, umeme au mafuta ya taa yasiyokatika, na siku mbili au tatu za kusubiri jibu. Mafunzo rasmi ya watumishi wa afya Waafrika yalianza Nairobi mwaka 1927, na kwa miaka mingi mtumishi wa maabara wa wilayani alitarajiwa kuwa hodari wa hadubini kuliko wa uoteshaji.

Matokeo ya mgawanyo huo hayakuwa ya ucheleweshaji tu. Nairobi iko zaidi ya kilomita 300 kutoka Eldoret, na sampuli ya kinyesi inayosafirishwa kwa treni huendelea kubadilika njiani, kwani bakteria wa kawaida huongezeka, asidi hujikusanya, na Shigella, ambaye ni dhaifu mno nje ya mwili, huweza kufa katika muda wa saa chache. Salmonella wa homa ya matumbo huvumilia zaidi. Kwa hiyo safari yenyewe ilikuwa kizuizi cha kwanza kabla ya sampuli kuikuta midia yoyote, na mizani ya ushahidi iliyofika Nairobi ilielekea upande wa bakteria wavumilivu. Kasoro hiyo ilianza kurekebishwa kwa midia za kusafirishia, ambazo kazi yake si kuotesha bali kuhifadhi. Gliserini iliyochanganywa na maji ya chumvi ilitumiwa tangu miaka ya 1910, na midia ya Cary na Blair ya mwaka 1964, yenye lishe haba ili bakteria wasiongezeke wala wasife, ndiyo iliyoenea baadaye katika uchunguzi wa kipindupindu.

Umuhimu wake ulionekana muda si mrefu. Afrika Mashariki ilikifahamu kipindupindu muda mrefu kabla ya bakteriolojia, na daktari James Christie, aliyekuwa Zanzibar wakati wa mlipuko wa mwaka 1869 na 1870, aliweza kuifuatilia njia ya ugonjwa huo katika kitabu chake cha mwaka 1876 kwa kutumia habari za misafara na majahazi tu. Mlipuko wa saba wa kipindupindu wa dunia ulipofika Kenya mwaka 1971, uthibitisho ulihitaji kitu kingine: koloni za manjano juu ya TCBS, kisha kipimo cha kuganda kwa bakteria penye seramu ya O1. Kuanzia hapo tofauti kati ya kuhara kwa kawaida na mlipuko wa kipindupindu ikawa, kisheria na kiutawala, jambo linaloamuliwa na maabara, na hospitali isiyokuwa na sahani hiyo ilibidi ingoje uamuzi kutoka mahali pengine.

Mwinuko na mtungi wa mvuke

Kuhamisha uoteshaji kutoka mji mkuu hadi Uasin Gishu hakukuwa suala la kununua vifaa tu, kwa sababu midia nyingi zilitungwa na watu walioishi karibu na usawa wa bahari. Eldoret uko kwenye mwinuko wa takriban mita 2,100, ambapo hewa ni nyepesi na maji huchemka katika nyuzi 93 hivi badala ya 100. Maelekezo ya kawaida ya otoklevu husema kwamba shinikizo la ratili 15 kwa inchi ya mraba juu ya lile la hewa huleta joto la nyuzi 121, na kwamba dakika 15 za joto hilo huua hata mbegu sugu za bakteria. Katika mwinuko wa Eldoret shinikizo hilohilo la kwenye geji huleta joto la nyuzi 117 hivi tu, na mtu anayefuata geji badala ya kipimajoto huweza kupata agari ambayo kesho yake imeota bakteria wasiotoka kwa mgonjwa yeyote. Mtungi unaofanya kazi kwa shinikizo peke yake hauna budi kupandishwa hadi ratili 18 hivi ili joto linalotakiwa lifikiwe.

Midia teuzi za utumbo zina sifa inayopunguza tatizo hilo na nyingine inayoliongeza. XLD, TCBS na agari ya dioksikoleti haziingizwi katika otoklevu kabisa, kwa kuwa joto kubwa huziharibu, na kwa sababu hiyo huchemshwa tu hadi agari iyeyuke kisha zikamiminwa. Kwa hizo, nyuzi 93 hutosha, ingawa mwandaaji hana budi kuwa na subira. MacConkey na midia za kuthibitishia, kwa upande mwingine, huhitaji otoklevu iliyorekebishwa vizuri. Unga wa midia uliokaushwa viwandani, ambao ulichukua nafasi ya mapishi ya nyama na nyongo yaliyofanywa maabarani hapo awali, uliirahisisha kazi hiyo sana, lakini ulileta utegemezi wake: unga hunyonya unyevu mara kopo linapofunguliwa, una tarehe ya mwisho wa matumizi, na huagizwa kutoka nje kwa fedha za kigeni.

Elimu ya kukabiliana na mambo hayo ilisambaa kwa vitabu vilivyoandikwa kwa makusudi kwa ajili ya maabara za aina hiyo. Maurice King alitoa mwaka 1973 kitabu cha maabara ya nchi zinazoendelea, akisisitiza vipimo ambavyo hospitali ndogo inaweza kuvimudu, na Monica Cheesbrough alifuata kwa mwongozo wake wa maabara za nchi za tropiki, uliochapishwa katika miaka ya 1980 na kuandikwa upya baadaye kwa ajili ya maabara za wilaya. Swali la vitabu hivyo halikuwa lile la vitabu vya Ulaya. Badala ya kuorodhesha midia zote zilizopo, viliuliza ni sahani mbili au tatu zipi zinazoleta faida kubwa kuliko gharama yake, na jibu hilo ndilo lililounda mtazamo wa kizazi kizima cha wataalamu wa maabara wa Kenya.

Hospitali inakuwa chuo

Badiliko kubwa la Eldoret lilianza na Chuo Kikuu cha Moi, kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1984 kufuatia mapendekezo ya tume ya Colin Mackay ya mwaka 1981. Kitivo chake cha sayansi za afya, ambacho mkuu wake wa kwanza alikuwa Haroun arap Mengech, kilipokea wanafunzi wa kwanza wa udaktari mwaka 1990 na kuwa chuo cha pili cha kufundisha madaktari nchini baada ya kile cha Nairobi. Mafunzo yake yalijengwa juu ya kutatua matatizo halisi, na wanafunzi walipelekwa vijijini chini ya mpango wa elimu na huduma katika jamii, ambapo maji ya visima, vyoo na magonjwa ya kuhara yalikuwa sehemu ya masomo. Mwezi Juni 1998 hospitali ya wilaya iligeuzwa kisheria kuwa Hospitali ya Rufaa na Mafunzo ya Moi.

Hospitali ya kufundishia haiwezi kufanya kazi bila maabara ya mikrobiolojia, kwa sababu mwanafunzi hana budi kuuona kwa macho yake mpangilio mzima wa utambuzi. Sampuli hupakwa kwa kitanzi cha waya juu ya MacConkey na XLD kwa mistari inayopunguza idadi ya bakteria hatua kwa hatua, huku sehemu nyingine ikitiwa katika mchuzi wa seleniti. Siku ya pili koloni zinazotiliwa shaka huhamishiwa katika mirija yenye sukari tatu na chuma, ambayo hubadilika rangi kulingana na sukari iliyochachushwa na gesi iliyotolewa, pamoja na kipimo cha urea kinachowaondoa bakteria wa jamii ya Proteus wanaofanana na Salmonella. Siku ya tatu hufuata seramu za kutambua aina na vidonge vya viuavijasumu vinavyoonyesha dawa ipi inafaa. Kwa utaratibu huo, sahani teuzi haithibitishi chochote yenyewe. Hupunguza mamilioni ya uwezekano hadi koloni chache zinazostahili gharama ya vipimo vilivyobaki.

Kuwapo kwa utaratibu huo karibu na kitanda cha mgonjwa kulikuwa na uzito katika miaka ya 1990 kwa sababu mbili. Ya kwanza ilikuwa kipimo cha Widal, kilichobuniwa Ufaransa mwaka 1896, ambacho hutafuta kingamwili za homa ya matumbo katika damu. Kwa kuwa ni rahisi, cha bei nafuu na hutoa jibu siku hiyohiyo, kilienea katika zahanati na maabara binafsi za Kenya hadi homa nyingi zikaitwa taifodi, ingawa kipimo kimoja cha Widal hakiwezi kutofautisha ugonjwa wa sasa na ule wa zamani au chanjo. Uoteshaji wa damu na wa kinyesi ndio uliokuwa njia ya kuihakiki hukumu hiyo, na bila uoteshaji hakuna awezaye kujua kama dawa inayotolewa bado inafanya kazi. Mwishoni mwa muongo huo watafiti wa Taasisi ya Utafiti wa Tiba ya Kenya, akiwamo Samuel Kariuki, walieleza kuhusu bakteria wa homa ya matumbo waliokuwa sugu kwa dawa kadhaa kwa pamoja, ikiwemo kloramfenikoli iliyokuwa tegemeo tangu mwaka 1948.

Sababu ya pili ilikuwa Ukimwi. Charles Gilks na wenzake walionyesha Nairobi, katika utafiti uliochapishwa mwaka 1990, kwamba watu wazima wenye virusi vya Ukimwi waliolazwa hospitalini walikuwa wakipata Salmonella wasio wa homa ya matumbo katika damu, bakteria ambao kwa mtu mwenye kinga kamili kwa kawaida huishia utumboni. Huko Eldoret, mpango wa AMPATH uliozaliwa mwaka 2001 kutokana na ushirikiano wa chuo na hospitali hiyo pamoja na Chuo Kikuu cha Indiana ulileta matibabu ya Ukimwi kwa eneo kubwa la magharibi mwa Kenya. Mbele ya wagonjwa wa aina hiyo, sahani iliyobuniwa kwa ajili ya kinyesi ililazimika kuipokea pia damu, na mpaka kati ya bakteria wa utumbo na bakteria wa mwili mzima ukapoteza maana yake ya zamani.

Waliobaki nje ya sahani

Mafanikio hayo yalificha udhaifu uliotokana na asili ya njia yenyewe. E. coli wanaotoa sumu ya kuharisha, ambao ni chanzo kikubwa cha kuhara kwa watoto wadogo, huota juu ya MacConkey kwa koloni za waridi zisizotofautiana hata kidogo na zile za E. coli asiye na madhara, na mtaalamu aliyefunzwa kutafuta koloni zisizo na rangi aliwapita bila kuwatazama. Campylobacter hakuota kabisa, kwa kuwa anahitaji hewa yenye oksijeni kidogo na joto la nyuzi 42, na uchunguzi wake wa kawaida uliwezekana tu baada ya Martin Skirrow kutangaza mwaka 1977 midia yenye damu na viuavijasumu vitatu. Virusi vya rota na kimelea cha Cryptosporidium si bakteria, na hakuna agari inayoweza kuwaonyesha. Kwa hiyo jibu la maabara kwamba hakuna bakteria wa ugonjwa aliyeota lilimaanisha kwamba Salmonella, Shigella na pengine Vibrio hawakuonekana, lakini daktari na mzazi waliweza kulielewa kuwa hakuna ugonjwa unaojulikana.

Ukubwa wa pengo hilo ulipimwa karibu na Eldoret. Kati ya mwaka 2007 na 2011 utafiti mkubwa wa magonjwa ya kuhara kwa watoto ulifanywa katika nchi saba, ikiwemo Kenya ambako kituo chake kilikuwa Siaya, na ulihusisha zaidi ya watoto 9,400 wenye kuhara kwa kiwango cha wastani hadi kikali, pamoja na zaidi ya watoto 13,000 wasiohara kwa ajili ya ulinganisho. Matokeo yaliyotangazwa mwaka 2013 yaliwataja virusi vya rota, Cryptosporidium, E. coli wa sumu na Shigella kuwa visababishi vikuu, na kati ya hao wanne ni Shigella peke yake ambaye sahani za kawaida zilikuwa zimemtafuta. Hata kwa huyo sahani zilionekana kupungukiwa, kwani sampuli za utafiti huo zilipochunguzwa upya kwa njia za kijenetiki, katika kazi iliyochapishwa mwaka 2016, mchango wa Shigella ulikuwa karibu maradufu ya ule uliotokana na uoteshaji. Kenya iliingiza chanjo ya virusi vya rota mwezi Julai 2014, hatua ambayo isingeweza kushauriwa na maabara yenye sahani tu.

Maji yana historia inayofanana na hiyo, ila huko mipaka ya sahani ilikubaliwa tangu mwanzo. Mtaalamu anayepima maji ya mabwawa au ya mto Sosiani, unaopita katikati ya jiji, hamtafuti bakteria wa homa ya matumbo moja kwa moja, bali humtafuta E. coli kama shahidi wa kinyesi, kwa kuyachuja maji katika utando wenye matundu ya sehemu 0.45 ya mikromita na kuuweka utando huo juu ya midia katika joto la nyuzi 44, ambalo bakteria wengi wa udongo hawalivumilii. Kanuni ya Shirika la Afya Duniani kwamba asionekane E. coli hata mmoja katika mililita 100 za maji ya kunywa imejengwa juu ya sahani isiyodai kumwonyesha msababishi wa ugonjwa, na kwa sababu haikudai hivyo, haikuwahi kusomwa vibaya kama ile ya wodini.

Hata mursik, maziwa ya Wakalenjin yanayogandishwa katika kibuyu kilichosuguliwa kwa mkaa wa mti na ambayo wanariadha wanaorejea na medali hupokewa nayo katika uwanja wa ndege wa Eldoret, yanathibitisha kwamba sahani hujibu swali lake tu. Bakteria wa asidi ya laktiki wanaoyachachusha, ambao baadhi yao ni wakazi wa kawaida wa utumbo, hawapendi chumvi za nyongo za MacConkey, na walianza kuorodheshwa na watafiti wa Kenya kwa kutumia midia ya MRS iliyotangazwa na de Man, Rogosa na Sharpe mwaka 1960. Wengi zaidi wa wakazi wa utumbo hawaoti penye hewa ya oksijeni, na kwa karne nzima walikuwa umati ambao kila sahani iliyowekwa katika inkubeta ya kawaida iliuacha nje.

Swali la usugu

Katika karne ya 21 midia teuzi zimepewa kazi ambayo MacConkey hakuikusudia. Alain Rambach alionyesha Ufaransa, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980, kwamba kemikali zinazopasuliwa na vimeng'enya maalumu huweza kuipa kila jamii ya bakteria rangi yake, na kizazi cha midia za rangi kilichofuata huchanganywa na viuavijasumu vyenyewe, kwa namna kwamba anayeota ni yule tu aliye sugu. Kwa sahani hizo swali si tena bakteria huyu ni nani, bali anaweza kustahimili nini, na jibu la kwanza huja siku moja baada ya sampuli kufika. Mtu mwenye afya huweza kubeba utumboni E. coli au Klebsiella sugu bila kuugua, na wodi ya watoto wachanga au ya upasuaji huhitaji kumjua kabla bakteria wake hawajahamia kwa mgonjwa asiyeweza kujikinga. Serikali ya Kenya ilitoa mwaka 2017 sera na mpango wa kitaifa wa kuzuia usugu wa dawa, na utekelezaji wake unategemea maabara za hospitali kama ile ya Eldoret zipate midia, vidonge vya viuavijasumu na wataalamu bila kukatizwa, kwa sababu usugu usiopimwa kila wakati hauna mwelekeo unaoweza kufuatiliwa.

Njia za kijenetiki, ambazo husoma vinasaba bila kuotesha, zimechukua sehemu kubwa ya kazi ya kutafuta visababishi visivyoonekana katika sahani, lakini hazijaiondoa sahani. Kipimo cha vinasaba kinaweza kuonyesha kwamba Shigella yupo, ila kujua kwa uhakika kama dawa iliyo kwenye rafu ya hospitali itamuua kunahitaji bado bakteria hai aliyeoteshwa, na aina mpya ya usugu hugunduliwa kwanza kwa bakteria anayekataa kufa. Kwa sababu hiyo maabara ya rufaa ya leo huhitaji njia zote mbili, na kila moja huulizwa swali ambalo nyingine haiwezi kulijibu.

Kwa mwanahistoria wa afya ya Uasin Gishu, na kwa daktari anayelinganisha takwimu za miaka tofauti, njia hii ya utambuzi inadai namna maalumu ya kuzisoma daftari za maabara. Ongezeko la ugonjwa fulani huweza kutokana na kuwasili kwa kopo la midia mpya. Kupungua kwake huweza kutokana na kopo hilo kuisha. Na mwaka usio na kuhara damu huweza kuwa mwaka ambao sampuli zilisafiri mbali mno. Daftari inayoandika jina la bakteria bila kuandika midia iliyotumika huhifadhi nusu tu ya ushahidi, na maabara inayotaka takwimu zake ziaminiwe na kizazi kijacho haina budi kuandika, kando ya kila jibu, ni sahani ipi iliyotumika kulipata.